Mkwara wa karata: nilivyoacha kukaza sura nikaanza kula

Kuna kijana pale tunapochezea, kaangalia video za poka wiki mbili tatu, sasa ni mwalimu wa kila mtu. Somo lake ni moja: "Poka ni uso, kaka. Kaza sura, usipepese macho, vaa miwani myeusi, sukuma mzigo wote mezani. Wataogopa wenyewe." Ushauri huo umenila hela, na mpaka leo anawapa wageni.

Tunacheza Jumamosi jioni barazani, Sinza, poka ile ya Texas: karata mbili za siri mkononi, tano za wote katikati. Vile vidude vya kasino hatuna, tunatumia vizibo vya soda, kizibo mia mbili, siku watu wakijisikia mia tano. Anayekula ndiye anayenunua chipsi mayai, kwa hiyo hakuna aliyejenga nyumba.

Basi nikavaa miwani. Saa tatu usiku, taa yenyewe moja ya mlangoni, imejaa kumbikumbi. Mkononi nilikuwa na jeki na saba, takataka tupu, ila katikati niliona pau tatu. Nikajisemea hapa ndipo pa kumtisha mtu kwamba nina pau tano, maana karata tano za aina moja zinaipiga jozi yoyote. Nikasukuma vizibo vyote, nikamkazia macho shemeji. Shemeji akaniangalia taratibu. "Shemeji, mbona umekuwa kama fundi wa kuchomelea?" Baraza zima likaangua kicheko. Akalipa, yaani akaweka sawa na mimi ili tufunue karata. Alikuwa na jozi ya tatu, yaani tatu mbili tu. Jozi ya tatu! Nikavua miwani, nikatazama vizuri katikati: pau moja, shupaza mbili. Nimemtishia mtu kwa kitu ambacho mezani hakipo. Nikamuuliza kwa nini alilipa, akasema, "Nilitaka kuona tu."

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Shemeji hatupi karata, yaani hajitoi hata ukimtisha. Ana udadisi, halali usingizi akijua kuna karata hakuziona. Mtu wa namna hiyo humpigii mkwara hata ukae na uso wa mbao, unasubiri upate karata za kweli, halafu unamtoza kila raundi, naye atalipa huku anacheka. Mikwara nikaihamishia kwa Mzee wa Reli, mstaafu, mtu wa mahesabu, ambaye kutupa karata kwake ni sehemu ya heshima.

Sasa sikilizeni hii, maana naipenda kuisimulia. Nina esi ya shupaza na kumi ya uru. Zinafunguliwa tatu za kwanza: kingi ya shupaza, nane ya shupaza, nne ya kopa. Nikaweka dau la kawaida, Mzee akalipa, wengine wakatoka. Ya nne ikaja mbili ya shupaza. Shupaza tatu katikati, na moja kubwa kuliko zote ninayo mimi. Nikapandisha kidogo, akalipa tena, lakini safari hii alikawia. Bado shupaza tisa zilikuwa nje kati ya karata 46 nisizoziona, yaani kama mara moja katika kila tano mwenyewe ningekamilisha kweli. Ya tano: sita ya uru. Hakuna kitu. Mkononi nina esi kavu.

Mezani palikuwa na vizibo kama arobaini. Nikasukuma thelathini. Hesabu yake nyepesi: naweka 30 ili nile 40, akitupa kama mara 43 katika 100 hela yangu imerudi, zaidi ya hapo ni faida. Na kwa Mzee nilijua ni zaidi. Tangu raundi ya kwanza niliweka madau kama mtu anayetafuta shupaza, ilipokuja nikapandisha kama mtu aliyeipata, na mwisho nikadai malipo. Hadithi haina tundu. Halafu esi ya shupaza ikiwa kwangu, yeye hata angekuwa na shupaza tano, zisingekuwa zile kubwa kabisa, na mtu makini kama yeye hapo lazima asite.

Akazigeuza karata zake, akanionyesha jozi ya kingi, akazitupa. "Ulikuwa na shupaza, kijana wangu?" "Nilikuwa nayo, Mzee." Sikusema ngapi.

Yule kijana akadakia kwamba nimefanya kama Chris Moneymaker. Angalau huyo anamjua. Mwaka 2003 kule Las Vegas, kwenye fainali ya dunia ya poka, Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alimfanya mpinzani wake Sam Farha atupe karata kwa mkwara wa mzigo wote, na mwishowe akaondoka na dola milioni 2.5. Kijana anasema ni uso. Mimi namwambia tazama karata za katikati: tisa, sita na nane, zote shupaza. Moneymaker alikuwa na kingi ya shupaza na saba, akitafuta shupaza tano na mfuatano (karata tano zinazofuatana) kwa pamoja, na alipandisha kabla karata ya mwisho haijafunguliwa. Zote zikamkosa, ila Farha, mwenye jozi ya tisa, aliona meza inayotisha na mtu aliyeicheza hivyo hivyo. Akatupa.

Kumkamata mwingine nako ni kuangalia hadithi. Jirani yetu muuza vipuri alipitisha raundi mbili bila kuweka kitu, ghafla karata ya tano, mbili ya uru isiyomsaidia kiumbe yeyote, akasukuma lundo. Mbili hiyo imekupa nini, bwana? Nikalipa, nikala. Na mtu akiweka nusu ya kilichopo mezani, wewe unayelipa unahitaji kuwa sahihi mara moja tu kati ya nne, kwa hiyo usijione mjinga ukipatia mara chache.

Ishara za mwili zipo, ila ujifunze mtu mmoja mmoja. Huyo jirani anapayuka usiku kucha kuhusu Simba na Yanga, siku akinyamaza ghafla baada ya kuweka dau, mkwara huo. Mzee wa Reli mikono ikimtetemeka, watu hudhani ni woga. Kimbieni. Huyo kashika kitu kikubwa. Anayekaza macho na kurusha vizibo kwa kishindo mara nyingi ni mkwara mbuzi, anayehema kama hajali ndiye wa kuogopa.

Mkibaki watu wanne kwenye mzigo, acha mkwara kabisa, mmoja wao lazima atakuwa shemeji. Na ukikamatwa cheka tu, wiki ijayo watakulipa ukiwa na karata halisi.

Shida niliyonayo sasa ni kwamba shemeji ameanza kutupa karata, sijui nani kamfundisha. Jumamosi iliyopita nilimjaribu kwa vizibo vitano tu, bila kitu mkononi. Akatupa.