Historia na sheria kwa pamoja: nilivyoipanga miaka mitano ya chuo

Nikisema nasoma sheria, wazee wa jumuiya yetu hapa Blacktown, magharibi mwa Sydney, wananipa mkono kwa nguvu. Nikiongeza "na historia", mkono unalegea. "Sasa mwanangu, hiyo historia utaila?" aliniuliza rafiki wa baba mbele ya watu, na watu wakacheka. Sikumlaumu. Sisi ni familia iliyotoka Fizi, mashariki mwa Kongo, ikapita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, ikafika Australia kwa viza ya kibinadamu. Kwa watu kama sisi, mtoto akipata nafasi chuoni hutarajiwa apite njia iliyo fupi.

Ila kwa Australia digrii ya pamoja si ajabu. Vyuo kadhaa, kikiwemo changu, havimpokei anayetoka moja kwa moja sekondari asome sheria peke yake. Unaiambatanisha na biashara, sayansi, uhandisi, au masomo ya sanaa. Waliosoma Tanzania wataelewa haraka nikisema sanaa hapa ni yale mambo ya HGL na HKL: historia, lugha, fasihi, ukiongeza falsafa na siasa. Miaka mitano, digrii mbili.

Kuingia kwenyewe ni habari ndefu nitakayoifupisha. Alama za kumaliza sekondari, ATAR, zinazotakiwa kwa sheria kwenye vyuo vikubwa vya Sydney zinatisha, zinakaribia mia. Kilichonisaidia ni utaratibu unaoitwa Educational Access Scheme, ambao unaangalia mazingira uliyosomea: ukimbizi, Kiingereza kilichokuja ukubwani, hali ya nyumbani. Unaomba kupitia UAC, shirika linalopokea maombi ya vyuo vya jimbo, na unaambatanisha barua ya shule. Mwalimu wa kituo cha Kiingereza nilikopitia nilipofika ndiye aliyenisukuma kuijaza ile fomu. Mimi niliona kama kuomba huruma. Yeye aliniambia ni haki kama haki nyingine, ijaze.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kupanga ilianza, na ndiyo ninayotaka kuieleza, maana hakuna aliyenieleza mimi.

Chuoni kwetu digrii hizi mbili zina masomo 40, manne kila muhula. Kati ya hayo, 24 ni ya sheria na 16 ni ya sanaa. Masomo ya sanaa yote yanaisha mwaka wa tatu yakiwa yamechanganywa na manane ya sheria, kisha miaka miwili ya mwisho ni sheria tupu. Ukitazama juu juu unaona 16 ni mengi, una nafasi ya kuonja huku na huku. Nafasi hiyo haipo. Somo kuu, kwangu historia, linataka masomo manane, na ya mwaka wa tatu hayafunguki kama hukupita yale ya chini yake. Sheria nayo ina mfuatano wake usiosogea: huwezi kugusa mikataba kabla ya somo la misingi. Na juu ya yote kuna masomo 11 ya lazima kwa yeyote anayetaka kuapishwa kuwa wakili nchini, maarufu kama Priestley 11, kwa jina la jaji aliyeongoza kamati iliyoyaorodhesha mwaka 1992. Jinai, madhara (torts, yaani fidia kwa aliyeumizwa), mikataba, mali, ushahidi, katiba na mengine. Hakuna chuo kinachoweza kukusamehe hata moja.

Kwa hiyo nilifanya kama tulivyojenga nyumba kambini: nguzo kwanza, fito baadaye. Nilifungua jedwali la Excel lenye safu kumi, safu moja kwa kila muhula, nikaweka masomo ya sheria mahali yalipo lazima yakae. Kisha nikaanza na historia kutokea mwisho: masomo ya mwaka wa tatu ninayoyataka ni yapi, yanadai nini kabla yake, yanafundishwa muhula gani. Yaliyobaki nikayaachia falsafa na Kifaransa. Kifaransa nilikichagua kwa makusudi. Shule za Wakongo kule Nyarugusu zilifuata mtaala wa Kongo, kwa hiyo msingi ninao, na kwenye muhula wenye madhara na katiba kwa pamoja nilihitaji somo moja lisiloninyima usingizi. Wenzangu waliona nakwepa. Wacha waone.

Jedwali hilo nilimpelekea mshauri wa masomo kabla muhula haujaanza, foleni ikiwa fupi. Ukienda na swali la "nifanyeje?" unapewa kiungo cha tovuti. Ukienda na mpango uliochorwa, mtu anakaa, anashika kalamu, anakuambia: hili halitafundishwa mwaka ule, lisogeze.

Kitu kingine nilichokijua mapema ni tarehe inayoitwa census date. Kwa muhula wa kwanza huwa 31 Machi. Ukijiondoa kwenye somo kabla yake huna deni. Siku inayofuata deni ni lako hata usipoingia darasani tena. Na deni si dogo. Tangu 2021 serikali ilipobadili viwango, masomo mengi ya sanaa yaliwekwa kundi moja la ada na sheria, dola 14,500 kwa mwaka kwa kuanzia, na imekuwa ikipanda. Baba aliposikia aliomba nirudie kuitaja. Nilimweleza kwamba mkopo wa serikali uitwao HECS unatulipia, wenye viza ya kudumu ya kibinadamu tunao pia, na makato yanaanza mshahara ukivuka kiwango fulani. Mwaka 2025 walipofuta asilimia 20 ya madeni yote ya wanafunzi, yeye ndiye aliyenipigia simu kunipa habari.

Sasa nirudi kwa yule mzee na swali lake la kula.

Kuna muhula nilipangiwa kesi ya Mabo madarasa mawili kwa mara moja. Eddie Koiki Mabo alitoka kisiwa cha Mer, Mlango-Bahari wa Torres, kaskazini mwa Australia. Alikuwa mtunza bustani kwenye Chuo Kikuu cha James Cook, Townsville, na ni katika kuzungumza na wanahistoria wawili wa chuo hicho, Henry Reynolds na Noel Loos, alipoambiwa kwamba kisheria ardhi ya baba zake ni mali ya serikali. Kesi dhidi ya jimbo la Queensland ilifunguliwa 1982. Yeye alifariki Januari 1992, na hukumu ikatoka 3 Juni mwaka huo huo, majaji sita kwa mmoja, ikiitupa ile hoja kwamba nchi hii haikuwa na wenyewe.

Darasa la sheria lilitaka tujue kanuni iliyomo, nani aliandika nini, na mipaka yake. Darasa la historia lilitupeleka nyuma, kwa Jaji Moynihan aliyesikiliza ushahidi wa wanakisiwa. Mtu anasimama anasema baba yangu alinionyesha mpaka wetu ni pale, na mawakili wa Queensland wanapinga: huo ni ushahidi wa kusikia kwa mwingine. Nilisoma kurasa hizo nikamkumbuka bibi, ambaye mashamba ya Fizi anayajua kwa miti na kwa majina ya waliozikwa. Baadaye, nilipofika somo la ushahidi na sura ya ushahidi wa kusikia, wenzangu walikuwa wanakariri vighairi. Mimi tayari nilikuwa na sura za watu kichwani, na swali la mtihani lilipokuja nilijua kwa nini kighairi kipo, si kwamba kipo tu.

Hukumu zenyewe zinapatikana bure kwenye tovuti ya AustLII, kwa hiyo vitabu vingi vya kesi sikuvinunua.

Sasa niko mwaka wa tano. Digrii ikiisha bado kuna mafunzo ya vitendo, ndipo uapishwe Mahakama Kuu ya jimbo. Kwenye jedwali limebaki sanduku moja tupu, somo la hiari la muhula wa pili. Nimeandika sheria ya uhamiaji. Nafasi zikijaa, nitachukua sheria ya ardhi ya wenyeji. Usajili unafunguliwa saa tatu asubuhi, na mama ameshaambiwa siku hiyo asinitume dukani.