Nilivyochagua nyasi za kurudisha malisho Kibwezi

Kabla ya kutafuta mbegu nilitembea kwanza. Shamba letu liko nje kidogo ya Kibwezi, kaunti ya Makueni, na upande wa juu ulibaki udongo mwekundu mtupu, mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji yaliteleza yakaenda zake korongoni. Nilitaka kujua ni nyasi gani zimevumilia hapa bila kusaidiwa na mtu. Nilizikuta kandokando ya ua wa reli ya SGR, makaburini, na katikati ya vichaka vya miiba, mahali ambapo mbuzi hafikishi mdomo.

Zilikuwa nne: Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba, Enteropogon macrostachyus na Chloris roxburghiana. Ni hizo hizo ambazo watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo Kenya, pale Kiboko wamezishughulikia kwa miaka mingi, nami nikapata moyo.

Wafugaji wengi huuliza ng'ombe anapenda ipi. Kwangu hilo linakuja baadaye. Kwanza, ipi itaiwahi mvua? Vuli yetu ni fupi, na mche usiposhika mizizi upesi jua linaumaliza. Enteropogon huota haraka kuliko wenzake, basi nikaipa sehemu kubwa ya mchanganyiko ili ifunike udongo. Cenchrus mizizi yake huzama chini sana, na kiangazi kikikaza yenyewe bado iko. Eragrostis ndiyo inayonenepesha ng'ombe. Chloris nayo ni tamu, ila mbegu zake huota kwa shida; hiyo nilitia kidogo tu.

Mbegu iliyovunwa juzi usiipande. Huwa bado imelala, hata ukiimwagilia. Zangu nilizihifadhi kwenye gunia, pakavu penye hewa, kwa miezi kadhaa, kisha nikatandaza 100 juu ya kitambaa chenye unyevu nione ngapi zitachipua.

Vuli ilipokaribia tulilima kwa maksai, mifereji ikikinga mteremko ili maji yasimame. Tulitumia kama kilo 2 kwa ekari. Mbegu hizi ni nyepesi na upepo huzichukua, kwa hiyo tulizichanganya na mchanga mkavu, tukazimwaga mferejini, tukaburuta tawi la mgunga juu yake. Zikizama zaidi ya sentimita 1 au 2, nyingi hazitoki.

Kazi kubwa ilikuwa kuzuia mifugo. Jirani yetu mmoja alisimama langoni akaniambia, "Mwanangu, nyasi zimefika magotini na ng'ombe wangu wanalia. Kweli utanifungia?"

"Mzee wangu, acha zidondoshe mbegu kwanza. Nitakukatia mzigo mwenyewe, nikuletee."

Nilimkatia. Msimu uliofuata alikuja na gunia, akaomba mbegu za Eragrostis peke yake kwa sababu ng'ombe wake waliipenda. Nilimpa kwa furaha, lakini nusu ya gunia nilimjazia Enteropogon.