Sadaka ya shukrani hailali

Jumuiya yetu hukutana Jumatano jioni, nyumba kwa nyumba, na siku hizi tunasoma Walawi. Wengi hukiruka kitabu hicho. Mimi nakipenda, maana kinasema na watu wanaochinja na kupika. Sura ya 7 inaeleza sadaka ya amani inayotolewa kwa ajili ya shukrani: mnyama pamoja na mikate, isiyotiwa chachu na iliyotiwa. Mafuta yanateketezwa madhabahuni, kidari na paja la kulia ni vya makuhani, na nyama inayobaki inarudi kwa mtoaji aile. Sharti lake ni moja: iliwe siku hiyohiyo, isisazwe mpaka asubuhi. Sadaka ya nadhiri iliruhusiwa kulala hadi kesho yake. Ya shukrani haikuruhusiwa.

Bibi mmoja wa jumuiya akauliza, "Sasa mbuzi mzima nitammalizaje na wajukuu wawili? Si itabidi niite majirani!" Neno hilo tulilizungumza hadi chai ikapoa. Tangu siku ile ninaamini kwamba Mungu aliifanya shukrani iwe kubwa kuliko nyumba moja, ili anayeshukuru afungue mlango na kusimulia kwa nini leo kwake kuna nyama.

Nina duka la rejareja hapa Pasua, Moshi. Nauza unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni za kipande, vocha. Kama maduka yote ya mtaani, langu lina daftari la madeni. Kurasa za mbele ni za wateja ninaowadai. Kurasa za nyuma nimeandika wanaonidai mimi, na deni lenyewe si la fedha. "Kijana wa maziwa: alinibebea ndoo kutoka bombani." "Mama wa vitumbua: alinishikia duka nilipompeleka mtoto kliniki." "Mwalimu wa shule ya Jumapili: alikaa na mwanangu kanisani mpaka mvua ikakatika." Naandika mtu na alichofanya. Ukisali "asante Bwana kwa yote" unamaliza haraka, lakini hujakumbuka hata kimoja. Zaburi ya 103 inaiambia nafsi isizisahau fadhili zake zote, kisha inazitaja moja baada ya nyingine: anasamehe maovu, anaponya magonjwa, anaukomboa uhai na kaburi. Daudi anahesabu. Nami nahesabu.

Jioni kabla ya kufunga napitia kurasa hizo. Anayepatikana namwambia siku hiyohiyo, kwa simu au namngoja apite. Kijana wa maziwa nilimsimamisha akiwa juu ya baiskeli yake. Akadhani namdai! Nilipomweleza, akashuka, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Usiku nikamtaja tena kwenye sala pamoja na watoto, kwa sababu mkono uliobeba ile ndoo ulikuwa wake, lakini aliyemtuma ni Bwana.

Nikiishia hapo nitakuwa nimeandika mambo mepesi tu. Mume wangu alifariki wakati wa masika. Siku ya pili ya msiba mtu akaniinamia, akaniambia, "Shukuru kwa kila jambo, mama." Alikuwa na nia njema, na andiko lipo, 1 Wathesalonike 5:18. Hata hivyo, nawaomba wapendwa wenzangu: mfiwa ambaye hajazika msimwambie hivyo. Kaeni naye. Mshikeni mkono. Andiko litamfikia kwa wakati wake.

Lililonifikia mimi ni Matendo 27. Meli inayompeleka Paulo Rumi imepigwa na dhoruba siku 14, na ndani yake wamo watu 276 ambao hawajala. Kunapopambazuka Paulo anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele yao wote, anaumega, anaanza kula. Hapo bado hawajaokoka. Meli yenyewe itavunjika muda mfupi baadaye. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na sioni mahali ambapo Paulo anashukuru kwa ajili ya dhoruba. Alishukuru kwa mkate aliokuwa ameushika. Nami nikatazama nilichokuwa nimekishika. Akina mama wa jumuiya walikuja na masufuria na kuni zao, wakapika, wakaosha vyombo, wakafagia uwanja. Jirani yangu Mwislamu alifungua vyumba vyake viwili ili wageni wetu wa mbali wapate pa kulala. Hayo niliyashukuru kwa machozi. Kifo cha baba watoto sijakishukuru mpaka leo, ila namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa kuishi naye, na sioni kwamba imani yangu imepungua kwa hilo.

Sasa sikukuu ya mavuno inakaribia usharikani. Watu wa mlimani watashuka na mikungu ya ndizi, maharage, mayai, kuku waliofungwa miguu. Baada ya ibada vitu vinanadiwa nje ya kanisa, na ninachokipenda zaidi ni pale mtu anaponunua mkungu kisha akaurudisha unadiwe upya, au akampa mjane aliyekaa pembeni. Wapo wanaonung'unika kwamba mnada unachelewesha chakula cha mchana. Acha uchelewe! Shukrani ya namna hiyo unaiona kwa macho, unaisikia ikiwika, unaibeba kichwani ukienda nyumbani.

Sisi wa dukani hatuna shamba, kwa hiyo nitapeleka mfuko wa sukari. Mwanangu wa mwisho ameomba kupeleka jogoo aliyemfuga tangu kifaranga. Nikamuuliza anamshukuru Mungu kwa lipi hasa. Akajibu, "Kwa banda. Baba alinifundisha kulijenga." Jogoo huyo akinadiwa, mtu wa kwanza kutaja bei nitakuwa mimi.