Chromobacterium: rangi ya zambarau na yale isiyoyaeleza

Miongoni mwa bakteria ambao nimewahi kuwaotesha katika kazi yangu ya maabara, sina ninaowapenda kuliko wale wa jenasi ya Chromobacterium, na sababu ya kwanza ni ile ile iliyomvuta kila aliyewaona, yaani rangi yao. Ukipaka mstari wa Chromobacterium violaceum juu ya aga ya kawaida, ile jeli ya kuoteshea bakteria, na kuiweka sahani katika nyuzijoto 30, saa za mwanzo huoni cha ajabu, kwa kuwa makoloni huanza yakiwa madogo, laini na meupe. Yakishajazana, zambarau hujitokeza kwanza mahali palipo na msongamano mkubwa, kisha huenea, na kufikia kesho yake mstari mzima umekoza kama tunda la mzambarau lililoangushwa na upepo. Ukichota koloni moja na kuikoroga katika maji, maji hufanya ukungu wa chembechembe za zambarau lakini rangi yenyewe haiyeyuki. Ukiikoroga katika alkoholi, rangi huachia mara moja, kioevu kizima kikawa zambarau, na mabaki ya bakteria yakabaki chini yakiwa yamepauka.

Rangi hiyo huitwa violasini. Ndiyo iliyoipa jenasi hii umaarufu, lakini nina hakika kwamba imewapotosha watu wengi kwa muda mrefu. Aliyeichukua kama kitambulisho cha bakteria hawa aliwaingiza wasiohusika na kuwaacha nje wanaohusika. Ninaona inafaa zaidi kuitazama kama kitendo, jambo ambalo bakteria hulifanya kwa wakati fulani na kwa sababu fulani, na ambalo baadhi yao hawalifanyi kabisa.

Jenasi hii ilipewa jina mwanzoni mwa miaka ya 1880 na Mwitalia Curzio Bergonzini. Baada yake, kwa miongo mingi, karibu kila bakteria mwenye umbo la fimbo aliyetoa rangi ya zambarau, awe ametoka kwenye udongo wa tropiki au kwenye maji baridi ya Ulaya, alitupwa katika kapu hilo hilo. Aliyeanza kulipanga kapu kwa makini ni Peter Sneath wa Uingereza, ambaye alikutana na bakteria hawa alipokuwa daktari wa jeshi huko Malaya. Katika miaka ya 1950 alilinganisha sifa nyingi za aina mbalimbali za zambarau bila kuipa rangi uzito wa pekee, akaonyesha kuwa kuna makundi mawili yasiyofanana: moja lililopenda joto, lililostawi katika nyuzijoto 37 na kuweza kuishi bila oksijeni, na jingine lililopenda baridi na kushindwa kabisa katika joto la mwili wa binadamu. Kazi hiyo ni miongoni mwa zilizomfikisha kwenye wazo la kutumia kompyuta katika uainishaji wa viumbe, alilolichapisha mwaka 1957, na ambalo lilibadilisha taaluma nzima. Huwa nafurahi kukumbuka kwamba wazo kubwa namna hiyo lilikulia kwenye sahani za bakteria ambao hospitali nyingi hazijawahi kuwaona.

Kundi la baridi hatimaye liliondolewa. Mwaka 1978 lilipewa jenasi yake, Janthinobacterium, ingawa rangi yake ni violasini ile ile, na spishi nyingine ya zambarau iliyokuwa ikiitwa Chromobacterium fluviatile nayo ikahamishiwa jenasi ya Iodobacter. Baada ya kuhama huko, jenasi ya Chromobacterium ilibaki na spishi moja tu, C. violaceum, na ikakaa hivyo hadi mwaka 2007.

Mwaka huo ilitangazwa C. subtsugae, iliyopatikana katika udongo chini ya mti wa jamii ya misonobari huko Maryland, Marekani. Ni ya zambarau pia, lakini iliyowashangaza watafiti ni uwezo wake wa kuua viwavi wa mbawakawa anayeshambulia viazi, na leo bidhaa iliyotengenezwa kutokana nayo hutumika mashambani kama kiuatilifu. Spishi nyingine zilifuatana haraka: C. aquaticum katika maji ya chemchemi Taiwan, C. vaccinii katika mashamba ya kranberi ya Massachusetts, C. amazonense katika maji ya mto Rio Negro huko Brazili, C. rhizoryzae katika mizizi ya mpunga, C. sphagni katika vinamasi vya kuvumwani. Orodha ni ndefu kuliko hiyo. Karibu zote zimetoka katika maji, matope au mizizi.

Ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote ni C. haemolyticum, iliyoelezwa mwaka 2008 kutokana na kikohozi cha mgonjwa. Hii haina rangi kabisa. Makoloni yake kwenye aga ya damu yamezungukwa na duara angavu ambapo chembe nyekundu zimepasuliwa, lakini zambarau hutaiona hata ukisubiri wiki, na bado jeni zake zinaiweka ndani ya jenasi hii bila shaka yoyote. Hata C. violaceum yenyewe ina aina nyeupe. Kwa mtu wa maabara ya hospitali hili si jambo dogo, kwa sababu aliyezoea kuwatambua kwa rangi anaweza kumwita bakteria mweupe kwa jina la mwingine, na mgonjwa akapewa dawa isiyomfaa.

Rangi hutengenezwaje, basi? Bakteria huchukua molekuli mbili za triptofani, ile asidi amino inayopatikana katika protini tunazokula, na kuziunganisha kwa msaada wa vimeng'enya vitano vinavyotokana na jeni zinazoitwa vioA hadi vioE. Lakini jeni hizo haziwashwi ovyo. Kila bakteria hutoa kiasi kidogo cha molekuli ya ishara, na wanapokuwa wachache ishara hupotea majini bila kujibiwa. Wakishakuwa wengi, ishara hujaa, huingia tena ndani yao na kuamsha jeni za rangi kwa wote karibu kwa pamoja, na ndiyo maana zambarau huanzia kwenye msongamano.

Kuna njia ya kuyaona mawasiliano hayo kwa macho, na ningependa kila mwanafunzi wa mikrobiolojia aionyeshwe angalau mara moja. Watafiti walitengeneza aina ya C. violaceum iitwayo CV026, ambayo haiwezi kutoa ishara yake yenyewe lakini bado inaweza kuisikia. Matumizi yake yalielezwa mwaka 1997. Ikioteshwa peke yake ni nyeupe. Ukipaka mstari wake karibu na bakteria mwingine anayetoa ishara inayofanana, mistari miwili ikisogeleana upande mmoja na kuachana upande mwingine, zambarau huanzia pale mistari ilipokaribiana, kisha hufifia kidogo kidogo kuelekea mwisho wa mbali ambako weupe hubaki. Kwa njia hiyo maabara nyingi duniani hupima kama bakteria fulani anazungumza na wenzake, na hutafuta pia dutu, zikiwemo za mimea, zinazoweza kuyakata mazungumzo hayo.

Swali la rangi ina faida gani limechukua muda mrefu kujibiwa, na jibu tulilo nalo linahusu vita. Majini na udongoni wamejaa viumbe wa seli moja wanaokula bakteria. Majaribio ya mwaka 2004 yalionyesha kuwa viumbe hao wakimeza bakteria wenye violasini hufa upesi, lakini wakimeza wasio na rangi hustawi na kuzaliana. Mwaka 2020 utafiti mwingine ulionyesha jambo la kuvutia zaidi, kwamba C. violaceum huongeza violasini anapoguswa na antibiotiki zinazozuia utengenezaji wa protini, zile zinazotolewa na majirani zake wa udongoni. Koloni la zambarau, kwa hiyo, huenda likawa jibu kwa jirani aliyeshambulia kwanza.

Wakati macho yetu yalikuwa kwenye zambarau, dawa zilitoka katika kemikali zake zisizo na rangi. Mwaka 1981 wanasayansi walitangaza kundi jipya la antibiotiki zilizopatikana kwa bakteria wa udongoni, C. violaceum akiwemo, na umbo la molekuli yake ndilo lililoongoza utengenezaji wa aztreonam, dawa inayotumika hadi leo, hata kwa wagonjwa wengi wenye mzio wa penisilini. Aina nyingine ya bakteria huyu, iliyotoka kwenye udongo wa Yamagata nchini Japani, ilitoa romidepsin, ambayo mwaka 2009 iliidhinishwa Marekani kutibu aina ya saratani ya limfu inayoshambulia ngozi. Anatengeneza pia sianidi, kemikali ya jamii ile ile inayotumika kuchenjulia dhahabu katika migodi ya Geita, na wapo wanaojaribu kumtumia kuyeyusha dhahabu iliyomo katika simu na kompyuta zilizotupwa. Wabrazili walipoisoma jenomu yake yote, yaani maandishi yote ya urithi wake, na kuichapisha mwaka 2003, walikuta herufi zipatazo milioni 4.75 na jeni zaidi ya 4,400, na sehemu kubwa ya hazina hiyo bado haijaguswa.

Lakini asidhani mtu kwamba bakteria huyu ni wa kuchezewa. Anaishi kwa kawaida katika maji na udongo wa nchi za joto, zetu zikiwemo, na mara nyingi hamdhuru mtu. Ugonjwa wake kwa wanyama ulielezwa kwanza kwa nyati wa Ufilipino mwaka 1905, na kwa binadamu huko Malaya mwaka 1927. Huingia kupitia jeraha lililoguswa na matope au maji yaliyotuama, na akifanikiwa kuingia katika damu husambaa upesi, akatengeneza majipu katika ini, mapafu na wengu. Visa ni vichache sana, lakini katika ripoti nyingi nusu ya waliopata maambukizi ya damu, au zaidi, walikufa. Walio hatarini zaidi ni watoto waliozaliwa na kasoro ya chembe nyeupe zinazoshindwa kutoa kemikali za kuulia vijidudu. Penisilini na sefalosporini nyingi hazimwezi, ilhali siprofloksasini kwa kawaida humuweza, na kwa hiyo daktari aliyeambiwa mapema kwamba mgonjwa alijikata akiwa kwenye matope ana nafasi nzuri zaidi ya kuchagua dawa sahihi. Huko Asia ya Kusini-Mashariki ugonjwa huu huchanganywa na melioidosisi, ugonjwa mwingine unaoletwa na bakteria wa udongoni, kwa sababu majipu yake hufanana. Na hapa tena zambarau haina hatia, kwa kuwa nguvu yake ya kuua hutokana hasa na mfumo wa kupenyeza protini zake ndani ya seli za mgonjwa.

Linalonifanya niifuatilie jenasi hii kwa moyo wote ni mbu. Mwaka 2014 watafiti waliripoti aina ya Chromobacterium waliyoitoa tumboni mwa mbu wa Aedes aegypti huko Panama, wakaiita Csp_P. Mbu wakubwa waliolishwa bakteria huyo waliishi muda mfupi na walikuwa wagumu kuambukizwa vimelea vya malaria na virusi vya dengi, na viluwiluwi waliowekewa katika maji walikufa. Mwaka 2018 ilielezwa kuwa kinachovizuia vimelea vya malaria ni romidepsin, molekuli ile ile ya dawa ya saratani. Huko Burkina Faso, mwaka 2020, watafiti waliwaambukiza C. violaceum mbu wa Anopheles coluzzii ambao hawauawi tena kirahisi na viuadudu, wakaona kwamba waliishi muda mfupi zaidi, walipunguza hamu ya kunyonya damu na walitaga mayai machache.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, ambako mbu wa malaria wamejenga usugu dhidi ya dawa za jamii ya pareto zinazopakwa kwenye vyandarua, habari hizo zina uzito wake. Hata hivyo sitamshauri mtu yeyote kumwaga bakteria hai wa jamii hii katika madimbwi ambamo watoto wanaogelea na wakulima wa mpunga wanasimama miguu peku, baada ya yote niliyoyaeleza kuhusu damu na ini. Njia ninayoiona kuwa ya busara ni ile iliyochapishwa pia mwaka 2020, ambapo Csp_P aliuawa na kukaushwa kuwa unga kwanza, na unga huo usio na uhai bado ukaua viluwiluwi vizuri. Ningependa kuona unga wa namna hiyo ukijaribiwa na watafiti wa kwetu, katika mashimo ya kufyatulia matofali na kwenye majaruba, na mambo mawili yakipimwa kwa uangalifu kabla ya mengine yote: kiasi cha sianidi na romidepsin kinachobaki majini baada ya siku kadhaa, na hali ya samaki, vyura na kereng'ende walioshiriki maji hayo na viluwiluwi.