Siku moja na fundi wa mashimo ya madirisha, Mbeya

Saa 1 asubuhi. Nipo chini ya Mlima Loleza, kwenye nyumba iliyochimbiwa mteremkoni. Madirisha ya vyumba vya chini yako ndani ya ardhi, kila moja na shimo lililojengewa ukuta ili mwanga na hewa viingie. Leo moja nalijenga upya, jingine nalisafisha. Novemba mvua zinaanza, hakuna kusubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Masika maji yaliingia mpaka chini ya kitanda. Na dirisha nimeshabadilisha!"

Dirisha halina kosa, mama.

Saa 2. Tunazoa majani ya mparachichi. Chini yake tunakuta sakafu imepigwa saruji safi kabisa, na hapo ndipo penye ugonjwa. Maji yakiingia hayana pa kutokea, yanapanda hadi kizingiti. Ukuta nao umelalia dirishani, maana udongo ukishiba maji unasukuma kwelikweli.

Saa 4. Chai na viazi.

Saa 5 hadi saa 9 ndiyo kazi yenyewe. Kijana anavunja sakafu kwa nyundo na tindo, mimi nachimba mfereji kuzunguka pembe ya nyumba. Nalaza bomba la inchi 4 kwa mwinamo, mdomo wake utokee upande wa bondeni. Kwenye mdomo wa ndani nafunga wavu, kisha kokoto zilizooshwa. Mchanga usiguse hapa, utaziba bomba. Kokoto zinaishia sentimita 15 chini ya kizingiti. Ukuta mpya wa tofali za inchi 6 naupandisha sentimita 15 juu ya ardhi, maji ya uani yasiruke. Udongo wa nyuma sirudishi leo. Saruji bado mbichi, ukuta utalala tena.

Mama anataka nondo za kuchomelea juu. Nakataa kwa heshima: moto ukitokea, anayelala humo atatokea wapi? Tunakubaliana wavu wa bawaba unaosukumika kutoka ndani.

Saa 10. Shimo la pili nalisafisha, namwaga ndoo ya maji. Yanazama yote. Zuri.

Saa 11 nakusanya vyombo, natazama juu: bomba la gata linamwaga maji ya paa lote hapo hapo pembeni mwa shimo jipya. Kesho naanza na hilo.