Mazutu ndani ya matete: tulivyourudisha ukingo wa ziwa letu Bagira

Mazutu, yaani mafuta ya dizeli, yaliyoingia kwenye ghuba yetu ya Ziwa Kivu, upande wa Bagira hapa Bukavu, Kongo, yalitoka kwenye boti ya mizigo iliyogonga mawe usiku. Mapipa yalipasuka, na kulipokucha utando wenye rangi rangi ulikuwa umetanda kuanzia kwenye mawe hadi ndani ya matete. Harufu ilipanda mpaka nyumba za mlimani. Mimi ni mwalimu wa biolojia na naishi hapo hapo juu ya maji. Naandika tulivyofanya kwa sababu mazutu yanasafiri kwa boti siku zote kati ya Goma, Idjwi na Bukavu, na mahali pengine wataamka wakute kama tulivyokuta sisi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwazuia watu. Wote walikuja kwa moyo mwema. Vijana walishika mapanga, tayari kufyeka matete yote kama kwenye salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ya Jumamosi. Akina mama wanaouza sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, walileta sabuni ya unga na ndoo. Kuna aliyetaka tuwashe moto, na mwingine akapiga kelele kwamba gesi ya ziwa italipuka. Hofu hiyo niliichukua kwa uzito, maana kila mtoto wa Kivu anakua akisikia habari za gesi. Nikawaeleza kwamba gesi nyingi imeyeyuka kwenye maji ya chini sana, zaidi ya mita 200, wala mazutu yanayoelea ukingoni hayaifikii. Lakini moto hatukuwasha. Mabanda ya mbao yako hatua chache tu kutoka majini.

Mzee wa wavuvi akaniambia, "Mwalimu, unatukataza sabuni, unatukataza panga, sasa tukae tuangalie?"

Nikamjibu, "Hapana, Mzee. Kazi ipo, na ni nyingi. Ila tusiue kile ambacho mazutu hayajakiua."

Niliwasimulia habari za meli Torrey Canyon, iliyopasuka karibu na Cornwall, Uingereza, mwaka 1967. Kule walimwaga sabuni kali kwa maelfu ya tani, na kwenye mawe mengi ya pwani sabuni hiyo iliua konokono na viumbe wengine kuliko mafuta yenyewe. Sabuni haiondoi mafuta majini. Inayavunja kuwa matone madogo, yakachanganyika na maji ambayo samaki wanayapumua na sisi tunayateka. Nikawatajia pia Amoco Cadiz, Bretagne, Ufaransa, mwaka 1978: kwenye kinamasi kimoja waliingiza mashine na kuzoa tope lenye mafuta pamoja na mizizi. Sehemu zilizozolewa zilichelewa kupona kuliko zile zilizoachwa zijitakase. Akina mama ndio walioelewa upesi zaidi. Ndoo za sabuni zikarudi nyumbani.

Baada ya hapo tulikimbizana na upepo. Mchana hapa unasukuma maji kuja nchi kavu, na usiku unageuka kuelekea ziwani. Tulitaka mafuta yakwame mahali pamoja kabla ya giza. Mwaka 2020, meli Wakashio ilipokwama kwenye miamba ya Morisi, wananchi kule walishona vizuizi vya kuelea kwa kitambaa na majani makavu ya miwa, wakafungia chupa tupu za plastiki. Sisi tulichukua vyandarua vilivyochakaa, tukashona mifuko mirefu, tukajaza nyasi kavu na majani makavu ya migomba, tukafunga chupa pembeni, kisha tukaiunganisha mifuko kwa kamba za nyavu kutoka jiwe moja hadi jingine. Majani lazima yawe makavu kabisa, kwa sababu yakishiba maji hayashiki mafuta tena. Kwa hiyo tulikuwa na zamu ya kubadilisha mifuko, na watoto walipewa kazi ya kuanika nyasi juu ya mabati, mbali na harufu. Waliogusa mazutu walivaa glavu na mabuti, na hakuna mama mjamzito aliyeruhusiwa kushuka. Chefu wa karitie, yaani mkuu wa mtaa, alitusaidia sana kwa kupita nyumba hadi nyumba akiwaomba watu wasiteke maji pale.

Ndani ya matete hatukuingia kwa miguu. Hilo nalishikilia kuliko mengine yote. Mazutu ni mepesi. Yakibaki juu ya maji, jua na upepo huondoa sehemu kubwa. Mguu wa mtu ukiyakandamiza ndani ya tope, yanaingia mahali pasipo na hewa, na bakteria wanaokula mafuta wanahitaji hewa ili wafanye kazi vizuri. Alaska, baada ya ajali ya Exxon Valdez ya mwaka 1989, mafuta yaliyofukiwa chini ya mawe ya pwani yalikuwa bado yanapatikana zaidi ya miaka kumi baadaye. Basi tulitumia mitumbwi na mbao ndefu zilizolazwa juu ya mawe, mtu akafanya kazi akiwa amelala kifudifudi. Inachosha mgongo vibaya sana.

Mabua yaliyopakaa mazutu tulikata, lakini juu ya maji tu, kiasi cha mkono mmoja. Tete hupitisha hewa ndani ya bua kwenda kwenye mizizi iliyo topeni. Ukilikata chini ya maji umelizamisha, na mzizi unaoza. Vijana walidhani nawasumbua bure hadi nilipopasua bua mbele yao wakaona lilivyo wazi ndani.

Takataka zilitaka akili nyingine. Kuzifukia ukingoni ni kuyarudishia ziwa mazutu mvua inaponyesha. Tulipata kiwanja kilichoinuka, mbali na mfereji, tukatandika turubai nzito, tukapanga nyasi zenye mazutu kwa tabaka pamoja na udongo, maranda ya mbao na samadi ya ng'ombe, tukafunika. Samadi inawapa bakteria nitrojeni, na maranda yanaacha hewa ipite. Kila wiki tuligeuza kwa majembe na kunyunyiza maji kidogo. Lile rundo lilikuwa likitoa joto ukitia mkono, na harufu ya mazutu ilipungua mwezi hadi mwezi mpaka ikabaki ya udongo. Hata hivyo hatukuupeleka udongo huo shambani. Ulitumika kujaza shimo la barabara, na mihogo ikaendelea na samadi safi.

Palipokufa matete kabisa tulipanda upya mvua zilipoanza. Tulichimba vipande vya mizizi vyenye macho kutoka kwenye kichaka kizima cha jirani, kidogo kidogo ili tusikimalize, tukavipanda kwenye tope lenye unyevu pembeni mwa maji, ncha ikiwa juu. Mbuzi ndio walikuwa adui wetu hapo. Ua la miti lilitugharimu ugomvi na wenye mbuzi, ila lilisimama.

Kupanda si kumaliza. Ukingo unarudi wakati viumbe wake wanarudi, na hilo ndilo tulilolifuatilia na wanafunzi wangu. Wa kwanza walikuwa wadudu wanaotembea juu ya maji. Konokono kwenye mabua walichelewa sana, na kaa walichelewa zaidi. Siku wanafunzi waliponiita kuona vifaranga vya tilapia kati ya mabua machanga, nilikaa pale muda mrefu nikavitazama. Matete ni kitalu cha samaki. Bila hayo mvuvi anakwenda mbali zaidi kila mwaka.

Kona moja bado haijapona. Ukichoma tope lake kwa fimbo, utando wa rangi unatokea juu ya maji. Utando unaotokana na kutu ya chuma huvunjika vipande ukiugusa, huu wetu hufunga tena mara moja, basi ni mafuta. Tumeiacha na ua lake, hakuna anayeteka maji wala kutega samaki hapo, na tutaipima tena mvua zikirudi. Wenye boti wamekubali kuhamisha mazutu mchana tu, kwenye gati, na karai pana chini ya mpira wa kumiminia. Mifuko ya chandarua ya akiba, pamoja na nyasi kavu, iko kwenye ghala la parokia, na ufunguo anao Mzee wa wavuvi.