Siku moja maishani mwangu: tepu draivu ipo ila haipo

Saa 12 na nusu asubuhi niko kwenye daladala natoka Igoma, nacheki simu, bakapu ya usiku (nakala ya akiba ya data) imefeli, eti tepu draivu, mashine inayoandika data kwenye tepu, haipo. Haipo imeenda wapi, dude zito vile hata mwizi hawezi ondoka nalo kwapani.

Saa 2. Kirumba, ofisini kwetu (tunauza samaki, mi ndo fundi wa kompyuta peke yangu). Mlinzi ananipa "mwangaluka", naitikia huku naenda chumba cha seva. Draivu ni ya nje, ya tepu aina ya LTO-6, taa kijani, tepu inaimeza na kuitema vizuri tu. Ila Windows haioni kitu.

Hapo ndo nikajipoteza jamani. Nikatoa draiva (programu ya kuifanya Windows iongee na draivu) nikaweka nyingine, nikaristati huduma za bakapu, nikabadilisha tepu, yaani masaa matatu yameenda bure kwa sababu ile taa ya kijani ilinidanganya, kumbe inasema draivu yenyewe ni nzima, haisemi kama seva inaiona.

Saa 5 bosi: "Vipi kijana, imepona?" Bado mzee.

Saa 7 mchana kwa mama ntilie, ugali na sato. Nikamkuta dogo wa usafi nikamuuliza tu kama utani, we ndo umeloga mashine yangu? Akasema, "Kaka si Jumamosi paa lilivuja tukahamisha kabati, waya ulichomoka nikaurudisha kwenye tundu linaloingia."

Linaloingia! Sato nikamwacha na kichwa chake.

Seva ina kadi mbili zenye matundu ya SAS (aina ya kebo ya diski na tepu) yanayofanana kama mapacha, moja HBA ya kawaida (inaunganisha tu vifaa na seva), nyingine RAID ya diski (inafanya diski kadhaa ziwe kama moja). Kadi nyingi za RAID hazijui tepu kabisa, zenyewe zinataka diski tu, kwa hiyo kebo inaingia, inabana klak, na hakuna kinachotokea. Ningeanza kwa kuangalia orodha ya vifaa ambavyo kadi inaviona seva inapowaka ningemaliza saa 2 na robo, maana kadi isipoiona, draiva utaweka mpaka uzeeke.

Saa 9 dada wa uhasibu akakubali nizime seva dakika kumi (alinihesabia kweli). Nikahamisha kebo, nikawasha draivu kwanza, seva baadae. Ikajitokeza kwenye orodha ya HBA, Windows nayo ikaiona.

Saa 10 nikaandika faili moja la majaribio nikalirudisha, likafunguka. Tepu moja inabeba tera 2.5 bila kukandamizwa, na ukishaitoa ukaweka kabatini kirusi hakiifikii, ndo maana siachi kuing'ang'ania japo wananicheka.

Saa 12 jioni bakapu inatembea, draivu inavuma. Nabandika plasta kwenye tundu la RAID nimeandika SIO HAPA. Dogo anachungulia, "Kaka, na hilo lingine?"

Nikabandika na lile: HAPA.